Mpira wetu, mchanganyo wa wengine

Wadau, likizo hii nyumbani Lipingo nilimkuta fundi akikata tairi kuukuu atengeneze katambuga. Nikakumbuka kitu: kusini kwetu mpira ulitoka zamani sana!

Kabla ya vita ya Maji Maji, 1905, watu waligema utomvu porini, kwenye mimea ya jamii ya mbungo (ndiyo, hii hii ya mabungo). Ulipelekwa Lindi na Kilwa, ukapanda meli ukiwa mbichi. Kuchanganya ni Ulaya.

Na utamu uko kwenye kuchanganya, jamani. Mpira mbichi hunata kwenye joto na hukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba ukitiwa salfa na kupashwa moto unaiva. Baadaye likaja masizi ya kiwandani, tairi lisilike upesi, na zinki oksaidi ya kuisaidia salfa. Mchanganyaji huanza na swali: natengeneza nini? Salfa kidogo, unavutika kama wa manati. Ikizidi sana, unakuwa mgumu kama ubao.

Ujuzi huo ulifika kwetu Arusha, kiwanda cha General Tyre, kilichoanza kutoa matairi 1971. Mashamba ya mpira yakapandwa Muheza na Kilombero. Kabla ya 2010 kiwanda kikasimama.

Mimi mwalimu mtarajiwa hilo ndilo linaloniuma. Mashine hununuliwa, lakini kuchanganya hufundishwa kwa mkono, fundi kwa mwanafunzi. Kiwanda kikifungwa, na darasa limefungwa.

Haya, nasubiri maoni yenu.