UZI: Grafu ya deni ni ya tangu 1786, na bado inatupiganisha

Kila msimu wa bajeti picha mbili huzunguka hapa mtandaoni. Ya kwanza ina mstari unaopanda kama ngazi iliyoegemezwa mwembe: deni limetumaliza. Ya pili ina mstari uliolala, unainuka kidogo tu: deni liko sawa, tulieni. Watu wanatukanana hadi asubuhi. Na mara nyingi picha zote mbili zimetoka kwa takwimu zilezile za Hazina ya Kitaifa, na hakuna aliyeghushi nambari hata moja.

Inawezekanaje? Tuanze mbali kidogo, manake ugomvi huu si wetu peke yetu na wala si mpya.

Mwaka wa 1786, jijini London, Mskoti kwa jina William Playfair alichapisha kitabu cha michoro kuhusu biashara na fedha za Uingereza. Huyu jamaa aliwahi kufanya kazi ya kuchora mitambo kwa James Watt, yule wa injini ya mvuke. Kabla yake, ukitaka kujua hesabu za serikali ulipewa majedwali, safu juu ya safu za nambari. Playfair alichora mstari: miaka inakwenda kushoto hadi kulia, pesa zinakwenda chini hadi juu. Hoja yake ilikuwa rahisi. Mtu mwenye shughuli nyingi hana muda wa kukariri majedwali, lakini umbo ataliona mara moja na hatalisahau. (Chati ya duara pia ni yake, 1801. Ile inayofanana na chapati iliyokatwa vipande.)

Sasa angalia alichochora. Vita vya Marekani vilikuwa vimeisha 1783, Uingereza imeshindwa na imebaki na madeni. Mwaka huohuo wa kitabu, 1786, Bunge lao lilianzisha mfuko maalum wa kupunguza deni. Yaani deni ndilo lilikuwa gumzo la mji. Na mmoja wa michoro ya Playfair unaonyesha riba ya deni la taifa tangu mapinduzi ya 1688. Mchoro wenyewe ni mwembamba, mrefu kwenda juu kuliko upana wake. Matokeo yake mstari unapaa kama ukuta. Haukuzingatia kwamba katika karibu miaka mia hiyo bei zilikuwa zimebadilika, watu wameongezeka na biashara imepanuka.

Alikuwa mwongo? Mimi nasema hapana. Alikuwa na upande. Hakupenda serikali kukopa kwa ajili ya vita, na aliichora karatasi ikamsaidia kusema hivyo. Grafu ya deni ilizaliwa ikiwa ndani ya siasa tayari. Hakujawahi kuwa na enzi safi ambapo chati zilikuwa hazina mwenyewe.

Na je, Uingereza ilianguka jinsi mstari ule ulivyotisha? La. Ilikopa zaidi. Baada ya vita vya Napoleon kuisha 1815, deni lilikuwa karibu mara mbili ya pato lote la nchi kwa mwaka. Halikuiangusha. Uchumi wa viwanda ulikua, na deni likaonekana dogo polepole kwa miongo mingi. Wanaopenda mstari uliolala huishia hapo na kupiga makofi.

Ila kuna sehemu hawaisomi. Mwaka wa 1816 Bunge hilo lilifuta kodi ya mapato, ambayo ilikuwa inawagusa wenye nacho. Riba ikaendelea kulipwa, sasa kwa kiasi kikubwa kupitia ushuru wa vitu vya kila siku: chai, sukari, pombe, mishumaa. Waliokuwa wanapokea riba ni wenye hati za deni. Waliokuwa wanailipa kila jioni wakiwasha mshumaa ni wengine kabisa. Mstari wa deni hauonyeshi hilo hata ukiuchora vizuri namna gani.

Turudi nyumbani sasa.

Juni 2013 deni la umma la Kenya lilikuwa takriban shilingi trilioni 1.9. Juni 2024 lilikuwa limepita trilioni 10.5. Chora hizo shilingi tupu na unapata ngazi ya mwembe: zaidi ya mara tano kwa miaka 11. Lakini gawanya kila nambari kwa pato la taifa la mwaka wake. Unaanzia kwenye asilimia 40 hivi na kufika zaidi kidogo ya 65. Bado ni kupanda, tena kupanda kwingi, lakini si mara tano. Ngazi imegeuka kilima.

Mnadhani huo ni mchezo wa watu wa mtandaoni? Sheria yenyewe imecheza. Kabla ya mwisho wa 2019 kikomo cha deni kilikuwa asilimia 50 ya pato la taifa, kwa hesabu ya thamani ya sasa. Tukakaribia, Bunge likageuza kipimo: shilingi trilioni 9. Ilionekana mbali wakati ule. Juni 2022 ikasogezwa hadi trilioni 10. Kisha 2023 tukarudi kwa asilimia tena: 55 ya pato la taifa. Deni tayari lilikuwa juu ya hapo, kwa hivyo sheria ikatoa miaka mitano ya kushuka. Ndani ya miaka minne tumetoka asilimia, tukaingia shilingi, tukarudi asilimia. Ukichora kikomo na deni kwenye karatasi moja lazima ubadilishe karatasi katikati.

Asilimia nayo ina mambo yake. Septemba 2014 Shirika la Takwimu la Kitaifa lilihesabu upya uchumi, likajumuisha shughuli ambazo hazikuwa zinahesabiwa sawasawa. Uchumi wa 2013 ukaonekana mkubwa kwa takriban robo, na Kenya ikaingia kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Kazi ilikuwa halali, nchi nyingi hufanya hivyo. Lakini ona kilichotokea kwa grafu: mgawanyo wa deni kwa pato ulishuka siku hiyo na hatukuwa tumelipa hata shilingi moja.

Halafu kuna dola. Karibu nusu ya deni letu ni la nje. Januari 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Deni la nje likihesabiwa kwa shilingi likapungua, na wapo waliosherehekea kana kwamba limelipwa. Dola zenyewe zilikuwa zinadaiwa vilevile. Ila tusiwe wabishi pia: kwa mlipa kodi anayelipwa kwa shilingi, nafuu ipo ya kweli, manake kununua dola za kulipia ni rahisi kidogo. Na ilipanda wakati shilingi ilipoanguka, kwa hivyo wale waliosema wakati huo kwamba yote ni mikopo mipya nao walikuwa wanakula upande mmoja wa mkate.

Ukiniuliza ni grafu gani ningeweka ukutani, nitakuambia si ya shilingi tupu wala ya pato la taifa. Serikali hailipi deni kwa pato la taifa. Inalipa kwa kodi. Ningechora, kwa kila shilingi 100 za kodi zilizokusanywa, ngapi zimekwenda kulipa riba na mikopo iliyoiva. Miaka ya karibuni ni zaidi ya nusu. Hiyo nambari ndiyo inaeleza kwa nini kaunti zinacheleweshewa mgao, kwa nini VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 mwaka wa 2023, na kwa nini mwaka uliofuata mkate uliwekwa kwenye Mswada wa Fedha ukaondolewa kabla ya mswada wote kutupwa, watu wakiwa barabarani. Mshumaa wa 1816, mkate wa 2024.

Tukiwa hapo kwa mkate: kuna grafu nyingine inayowakosanisha watu na mama mboga. Mfumko wa bei ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022, na Oktoba 2024 ulikuwa 2.7. Mstari umeshuka vizuri sana. Mtu anauweka hapa na kuandika "maisha yameshuka", anajibiwa kwa matusi. Hebu tuhesabu. Kitu cha shilingi 100 kikipanda asilimia 10 kinakuwa 110. Mwaka unaofuata kikipanda asilimia 3 kinakuwa 113 na ushei. Kasi ya kupanda imepungua, bei haijarudi. Ukichora kasi, mstari unaanguka. Ukichora bei, mstari unaendelea kupanda, pole pole tu. Mama mboga anaishi kwenye grafu ya pili. Mshahara wako kama bado ni ule wa 2022, wewe pia.

Kwa hivyo ukitumiwa chati leo usiku kwenye WhatsApp, tazama kwanza pembeni kabla hujatazama mstari. Kipimo ni shilingi, dola, asilimia ya pato ama asilimia ya kodi? Mhimili wa kushoto unaanzia sifuri ama unaanzia katikati ya hewa? Na mwaka wa kwanza ni upi? Hilo la mwisho ndilo mimi hucheka nalo. Wengi wetu huanzia siku ile mpinzani wetu alipoingia ofisini na kukatiza siku alipotoka. Taarifa za deni Hazina huchapisha kila mwezi, bure, na zinarudi nyuma miaka mingi. Chukua hizo, nyoosha mstari hadi mwanzo, kisha umrudishie aliyekutumia.

Uzi ujao ni ramani ya mgao wa kaunti: kwa nini Marsabit inaijaza skrini yako na Nairobi, yenye watu zaidi ya mara tisa, ni nukta.