Miliki Bunifu Si Hakimiliki: Funzo la Magazeti ya Kughushi

Istilahi "miliki bunifu" imekubalika katika Kiswahili kuwa jina la jumla la haki zote zitokanazo na kazi ya akili. Ndani yake mna hakimiliki, inayolinda maandishi, muziki, filamu na programu za kompyuta. Mna hataza, inayolinda uvumbuzi. Mna alama ya biashara, inayomjulisha mnunuzi bidhaa au huduma imetoka kwa nani. Na mna siri ya biashara. Tanzania Bara imezigawa kazi hizi waziwazi: COSOTA inashughulikia hakimiliki, BRELA inasajili alama na hataza. Hata hivyo, katika magazeti na redio zetu hakimiliki imewameza nduguze wote, kiasi kwamba hata WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na miliki bunifu nzima, huitwa mara nyingi shirika la hakimiliki. Wapo wanaoona huo ni uzembe mdogo wa lugha. Mimi naona unatuficha jambo zito: ni sheria ipi inayoweza kumkinga msomaji pale mataifa hasimu yanapopigana kwa habari.

Mfano ulio wazi ni kampeni iliyopewa jina la Doppelganger, neno la Kijerumani la mtu anayefanana na mwingine kama pacha. Ilifichuliwa Ulaya mwaka 2022, miezi michache baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Waendeshaji wake walinakili kurasa za mtandaoni za Der Spiegel, The Guardian na Bild, kisha wakaweka humo makala walizojitungia za kudhoofisha uungaji mkono kwa Ukraine. Aliyefikishwa kwenye Washington Post bandia aliona jina lile lile na sura ile ile ya gazeti analolijua. Tofauti ilikuwa kwenye anwani: pale panapopaswa kuwa na ".com" paliandikwa ".pm". Julai 2023 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo watu 7 na taasisi 5, zikiwemo kampuni mbili za Kirusi, Social Design Agency na Structura. Septemba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatwaa vikoa 32 vya intaneti vilivyohusishwa na kampeni hiyo, ikitaja sheria za utakatishaji fedha na sheria ya jinai inayohusu alama za biashara.

Hapo ndipo istilahi inapodai usahihi. Mwandishi akisema vikoa hivyo vilitwaliwa kwa kukiuka hakimiliki, amepotosha kiini cha kosa. Ni kweli kwamba kunakili picha na mpangilio wa ukurasa kunaweza kugusa hakimiliki pia. Lakini makala zenyewe zilikuwa mpya; kwa kanuni za hakimiliki, mwenye haki juu yake ni yule yule aliyezitunga au aliyemlipa. Hakimiliki huuliza kazi hii ni ya nani. Alama ya biashara huuliza swali jingine: je, mtu wa kawaida atadhani hii imetoka kwa fulani, ilhali haikutoka kwake? Silaha ya Doppelganger ilikuwa imani ambayo magazeti yale yalijijengea kwa miaka mingi, na alama ndiyo inayobeba imani hiyo.

Kuna pingamizi kwamba sheria ya namna hii ikikabidhiwa serikali itageuka rungu la kuwazimia sauti wapinzani. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu matawi ya miliki bunifu yasichanganywe. Madai ya hakimiliki yamewahi kutumiwa kuondoa mtandaoni kazi za wakosoaji. Sheria ya alama, ikitumiwa kwa mipaka yake, haipimi maoni. Makala ile ile ya kuipinga Ukraine, ikichapishwa kwa jina halisi la aliyeiandika, haina kosa mbele yake, na dhihaka ambayo hakuna anayeidhania kuwa gazeti lenyewe haimdanganyi mtu kuhusu asili yake. Wengine watasema vikoa vikitwaliwa leo, kesho vitafunguliwa vingine. Ni kweli; sheria hii haimalizi propaganda, wala haizuii uongo unaosemwa kwa jina la msemaji mwenyewe. Kazi yake ni finyu: kumnyang'anya mwongo jina la kuazima. Ufinyu huo ndio unaoifanya isiwe hatari kwa uhuru wa kusema.

Yapo pia malalamiko ya kisarufi. Kwa kawaida "bunifu" ni sifa ya anayebuni, si ya kilichobuniwa, hivyo "miliki ya ubunifu" ingekuwa sahihi zaidi. Hoja hiyo nzuri haitoshi kuiangusha istilahi iliyokwisha kuingia ofisini na madarasani. Lililo muhimu ni kuipa nafasi yake. Wahariri waandike miliki bunifu wanapokusudia haki zote, hakimiliki iachiwe kazi za sanaa, maandishi na programu, na alama ya biashara itajwe kwa jina lake. Vivyo hivyo, ukurasa wa aina ya Doppelganger uitwe gazeti la kughushi, kwa kuwa "habari za uongo" humwelekeza msomaji kubishana juu ya maudhui, ilhali swali la kwanza la kuuliza ni nani hasa aliyeandika.