Kwotabeki Aliyeshindwa Kuacha

Kama si ngumi ya kocha Woody Hayes, mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, Gator Bowl, iliyochezwa Jacksonville, Florida, tarehe 29 Desemba 1978 ingekuwa imeshasahaulika. Clemson waliongoza 17–15, na Ohio State walikuwa wakisogea polepole kutafuta pointi za ushindi. Mpira ukarushwa, Charlie Bauman wa Clemson akaunasa hewani na kukimbia nao hadi akasukumwa nje ya mstari, mbele ya benchi la wapinzani. Hapo Hayes akamtandika ngumi huku kamera zikiwaka. Kesho yake mzee aliyekuwa ameifundisha Ohio State kwa misimu 28 alifukuzwa kazi.

Aliyeurusha mpira ule alikuwa kijana wa miaka 18, Art Schlichter. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, lakini tayari alikuwa kwotabeki wa kwanza wa timu, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao. Mtoto wa mkulima kutoka vijiji vya kusini mwa Columbus, alimaliza sekondari ya Miami Trace bila kupoteza hata mechi moja aliyoanza. Msimu uliofuata, chini ya kocha mpya Earle Bruce, Ohio State walishinda mechi zao zote 11 za kawaida na kupoteza mechi ya Rose Bowl dhidi ya chuo cha USC kwa pointi moja, 17–16. Katika kura za tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, Schlichter alikuwa wa nne. Alikuwa na miaka 19.

Columbus ya wakati ule haikuwa na timu ya ligi kuu ya NFL. Mji mzima ulikuwa wa chuo kimoja, na uwanja wa Ohio Stadium ulijaza watu zaidi ya 80,000 kila Jumamosi ya nyumbani. Mchezaji hakulipwa mshahara; alisomeshwa na kulishwa, basi. Lakini kila mwenye duka, mwenye gari na mwenye pesa mjini alitaka kuonekana naye. Nje kidogo ya mji palikuwa na uwanja wa Scioto Downs, ambako farasi wanaovuta vigari vidogo hukimbizwa jioni chini ya taa. Huko ndiko Schlichter alikokuwa akionekana, tena akiwa na watu waliojulikana kwa madau makubwa. Wakuu wa michezo wa chuo na polisi walizisikia habari hizo. Ushahidi haukupatikana, na kwotabeki akaendelea kucheza.

Ni rahisi leo kuwalaumu. Lakini Marekani ilikuwa imezoea kuitazama kamari ya michezo kama kosa la aina moja tu: kuuza mechi. Mazoea hayo yalikuwa na historia. Inasemekana kuwa ni mwalimu wa hesabu, Charles McNeil, aliyesambaza katika miaka ya 1940 mtindo wa kubeti kwa tofauti ya pointi. Hapo mtu habashiri nani atashinda, bali atashinda kwa pointi ngapi. Mtindo huo uliwavutia wabetiji, maana hata mechi kati ya jabali na kibonde ikawa na ladha. Uliwavutia wahalifu zaidi. Mchezaji wa kikapu aliyegoma kupoteza mechi angeweza kushawishiwa ashinde kwa pointi chache tu, na mwaka 1951 ikabainika kuwa wachezaji wa vyuo kadhaa, wakiwemo mabingwa wa taifa CCNY wa New York, walikuwa wamefanya hivyo hivyo.

Futiboli nayo ilikuwa na kidonda chake. Usiku wa kuamkia fainali ya NFL ya 1946, wachezaji wawili wa New York Giants, Frank Filchock na Merle Hapes, walihusishwa na hongo iliyotolewa ili timu yao ifungwe vizuri. Hawakuipokea, lakini hawakuiripoti pia, na wote wawili wakafungiwa. Tangu hapo ligi ilimwogopa mtu mmoja kuliko wote: yule anayesimama mlangoni na bahasha.

Kisha ikaja kesi iliyoweka kipimo. Aprili 1963, kamishna wa NFL Pete Rozelle aliwasimamisha nyota wawili kwa muda usiojulikana kwa kubeti mechi za ligi. Mmoja alikuwa Paul Hornung wa Green Bay Packers, mshindi wa Heisman ya 1956 akiwa Notre Dame. Mwingine alikuwa beki Alex Karras wa Detroit Lions. Wenzake Karras watano walitozwa faini ya dola 2,000 kila mmoja. Hornung alikiri mapema na kuomba radhi, Karras alinung'unika. Msimu mmoja ukapita, wote wawili wakarudishwa mwaka 1964. Inasimuliwa kuwa mwamuzi alipomwomba Karras achague upande wa sarafu, alimjibu kwa adabu kwamba yeye haruhusiwi kucheza kamari. Hornung aliingia katika Jumba la Mashujaa wa futiboli mwaka 1986, Karras mwaka 2020 akiwa ameshafariki.

Kipimo kile kilifaa, na hapa ndipo penye kiini cha habari yote hii. Kilifaa kwa sababu Hornung na Karras walikuwa watu walioweza kuacha. Waliambiwa wakae nje mwaka mmoja, wakakaa, wakarudi. Adhabu iliyotengenezwa kwa watu wa namna hiyo ndiyo iliyokuja kutumiwa miaka 20 baadaye kwa kijana wa Scioto Downs.

Ajabu ni kwamba elimu ya tofauti kati ya anayeweza kuacha na asiyeweza ilikuwepo, tena ndani ya Ohio yenyewe. Mwaka 1972, daktari wa akili Robert Custer alifungua katika hospitali ya maveterani ya Brecksville, karibu na Cleveland, wodi ya kwanza ya kuwalaza na kuwatibu wacheza kamari. Safari ya gari kutoka Columbus haizidi saa mbili na ushee. Mwaka 1980, Schlichter akiwa bado chuoni, madaktari wa akili wa Marekani waliingiza uraibu wa kamari katika mwongozo wao rasmi wa magonjwa. Hakuna aliyeunganisha ncha hizo mbili. Nani angempeleka hospitali kijana anayetupa pasi za yadi zaidi ya 7,500 katika miaka minne?

Aprili 1982 timu ya Baltimore Colts ilimchagua wa nne katika mgawo wa wachezaji wapya wa NFL. Aliyefuata, wa tano, alikuwa kwotabeki mwingine, Jim McMahon, aliyekwenda Chicago Bears. Inafaa kuyakumbuka majina hayo yakiwa yamekaa pamoja kwenye orodha, kwa sababu Januari 1986 McMahon aliiongoza Bears kutwaa ubingwa wa NFL, Super Bowl.

Schlichter hakufika hata nusu ya njia. Huko Baltimore, kwotabeki mwingine mpya aliyechaguliwa nyuma yake, Mike Pagel, ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza. Kisha mapema katika msimu wachezaji wa ligi nzima wakagoma. Kijana mwenye pesa nyingi, muda mwingi na simu mkononi: mtu angetaka kumbuni mraibu asingehitaji kuongeza kitu. Fedha alizopewa kwa kusaini mkataba zikayeyuka. Katika majira ya baridi na machipuko ya 1983 alipoteza dola 389,000 kwa kubeti mechi za kikapu peke yake. Colts walimaliza msimu bila ushindi hata mmoja, sare moja na vipigo vinane, na kwotabeki wao wa thamani alikuwa amekaa benchi akiwaza matokeo ya mechi za watu wengine.

Wachezesha kamari waliomdai walianza kumtishia kwamba wangemwanika. Aliogopa kuwa kinachofuata ni kutakiwa auze mechi. Akaenda kwa makachero wa FBI na kueleza yote, na waliokuwa wakimdai wakakamatwa. Yaani alifanya lile ambalo Filchock na Hapes hawakulifanya. Mei 1983 Rozelle akamsimamisha kwa muda usiojulikana. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa NFL kufungiwa kwa kamari tangu Hornung na Karras.

Alilazwa kwa matibabu, na mwaka 1984 akarudishwa ligini. Colts walikuwa wamehamia Indianapolis. Kwenye karatasi, kesi ilikuwa imefuata njia ile ile ya 1963: kosa, kifungo, msamaha. Baadaye alikiri kwamba hata katika kipindi cha kifungo alikuwa akibeti. Msimu wa 1985 ulipofika mechi ya tano, Colts walimwacha. Buffalo Bills walimjaribu mwaka 1986, kisha Jim Kelly akawasili na nafasi ikafungwa. Mwaka 1987 alikamatwa kwa mambo ya kamari, na Rozelle akakataa kumruhusu tena. Jumla ya kazi yake NFL ni mechi 13, pasi tatu za kufunga na 11 zilizonaswa na wapinzani.

Pasi 11 kwa tatu ni za kwotabeki dhaifu, na wapo wanaosema hangekuwa bora hata bila kamari. Jibu limo katika futiboli ya ndani ya ukumbi, ile inayochezwa kwenye kiwanja kifupi kama cha mpira wa magongo ya barafuni. Mwaka 1990 akiwa na Detroit Drive alichaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo na timu ikatwaa ubingwa. Alikuwa na miaka 30. Mkono ulikuwa bado mzima.

Yaliyofuata ni mahakama na magereza. Hundi zisizo na fedha, marafiki waliokopwa, watu waliouziwa kitu ambacho hakipo. Kati ya 1995 na 2006 alipita katika jela na magereza 44. Alipotoka alizunguka akiwaonya vijana juu ya kamari, na watu walimwamini. Wengine walimwamini kupita kiasi: mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka kumi kwa kuuza tiketi hewa, zikiwemo za mechi za Ohio State yenyewe. Alitoka mwaka 2021.

Mtu angedhani vyuo vilijifunza. Lakini mwaka 1994 mkimbiaji wa Northwestern, Dennis Lundy, aliudondosha mpira kwa makusudi karibu na mstari wa kufunga katika mechi dhidi ya Iowa, kwa sababu alikuwa ameweka dau. Alikuja kukiri miaka minne baadaye. Mwaka 1996 Boston College iliwafungia wachezaji 13 wa futiboli kwa kubeti, na wawili kati yao walikuwa wameweka pesa dhidi ya timu yao wenyewe. Mwaka 2002 Florida State ilimfukuza kwotabeki Adrian McPherson. Tuhuma za kamari zilimfikisha mahakamani, na ilimbidi apitie kwanza ligi ya ndani ya ukumbi kabla New Orleans Saints hawajamchukua mwaka 2005, raundi ya tano. Njia ile ile ya Schlichter, ila yeye aliipita kwa mwelekeo wa kinyume.

Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya 1992 iliyokuwa imeyazuia majimbo mengi kuhalalisha kubeti michezo. Mchezesha kamari wa kona alihamia ndani ya simu. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliwahoji vijana wa miaka 18 hadi 22 mwaka 2023 na kukuta 58 kati ya kila 100 walikuwa wameshabeti michezo kwa namna moja au nyingine. Ohio ilihalalisha siku ya mwaka mpya wa 2023. Huko Cincinnati dau la kwanza katika kasino moja liliwekwa na Pete Rose, mchezaji wa zamani wa besiboli aliyekuwa amefungiwa maisha kwa kubeti. Wenye kasino walijua wanachokifanya.

Mwaka huo huo kashfa ikalipuka katika jimbo la Iowa. Kwotabeki Hunter Dekkers wa Iowa State alishtakiwa kwa kutumia akaunti ya mtu mwingine. Nyaraka za mashtaka zilihesabu madau 366 yenye jumla ya dola 2,799, mengine yakiwa ya mechi za chuo chake. Ukigawanya, kila dau halifiki dola 8, pesa ya soda na sandwichi. Alikiri kosa dogo la kubeti chini ya umri na kulipa faini ya dola 645. Beki Noah Shannon wa chuo cha Iowa alipoteza msimu wake wote wa mwisho kwa kubeti mechi ya timu ya wanawake ya kikapu ya chuo hicho. Machi 2024 mashtaka ya wachezaji wengine kadhaa yalifutwa, baada ya mawakili kulalamika kuwa wapelelezi walichungulia matumizi ya programu za kubeti katika majengo ya vyuo bila kibali cha mahakama.

Hakuna aliyethibitisha kwamba vijana hao ni waraibu, na pengine hakuna hata mmoja. Hapo ndipo kipimo cha Rozelle kinapoonyesha umri wake. Kinahesabu madau na kutazama ulibeti timu ipi. Mwenye dau la dola 8 na aliyepoteza 389,000 hukalia benchi moja la washtakiwa, na wa kwanza ndiye anayekamatwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa simu huandika kila kitu. Ligi ya NFL ilimfungia Calvin Ridley wa Atlanta Falcons msimu mzima wa 2022 kwa takriban dola 1,500 alizobeti; alikosa mshahara wa zaidi ya dola milioni 11. Alirudi, akacheza vizuri, kama Hornung.

Dekkers naye alishuka hadi chuo kidogo cha miaka miwili, Iowa Western, akacheza huko msimu wa 2024. Mwaka uliofuata Saints walimwita kambini kumjaribu.