Jeki ya trela: kwa nini skrubu haijastaafu

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee chuma. Msinikimbie, mtaona mbele kwamba ni mambo yale yale.

Ami yangu wa Msambweni ana trekta na trela ya ekseli moja, hubeba mchanga, nazi na mawe ya matumbawe ya kujengea. Trekta alijifunzia kwenye miwa ya Ramisi, kabla kile kiwanda cha sukari hakijafungwa mwaka 1988. Trela kama yake ina magurudumu mawili tu, na sehemu ya uzito wake hulalia trekta. Ukichomoa pini, lazima kitu kingine kiushike mkono wa trela. Hapo ndipo jeki inapoingia.

Jeki yake ya skrubu, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilikuwa imeliwa na kutu. Basi mimi msomi wa kompyuta nikamletea zawadi: jeki ya oili, ile ya umbo la chupa, imeandikwa tani 5. Unapiga pampu mara chache, mkono uko juu. Nilijisifu sana! Ami akatazama tu. Jioni tukaiacha trela imeegemea jeki hiyo, binamu yangu akakaa chini yake kupaka grisi. Alipoinuka kwenda kunywa maji, mkono wa trela ukaanza kushuka, taratibu, halafu jeki ikapinduka na chuma kikazama mchangani pale pale ilipokuwa miguu yake.

Hakuna aliyeumia. Ami akaniambia, "Mwanangu, oili si nguzo." Usiku ule sikulala, nikasoma historia ya jeki mpaka alfajiri.

Skrubu ya kuinulia mizigo ni ya zamani mno. Imo katika daftari la michoro la Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13. Oili ilikuja baadaye sana. Kanuni yake aliieleza Pascal, aliyefariki mwaka 1662, lakini mashine yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1795, Joseph Bramah alipopata hataza ya shinikizo la maji kule London. Mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ya namna hiyo inayobebeka.

Sasa sikilizeni hii. Katika karakana ya Bramah alikuwamo fundi kijana, Henry Maudslay. Aliomba nyongeza ya mshahara, akakataliwa, akaondoka (wenzangu wa kodi mnaijua hadithi hii). Yapata mwaka 1800 akawa ametengeneza mashine ya kukata skrubu kwa usahihi, za kulingana. Yaani karakana moja ilitoa shinikizo la maji na pia mtu aliyeinyoosha skrubu. Mpya haikuiua ya zamani, na sababu ni hesabu.

Chukua skrubu inayopanda milimita 5 kila mzunguko, na mpini wa sentimita 20. Mkono wako unasafiri karibu milimita 1,257 kwa kila milimita 5, yaani mara 251. Msuguano unakula sehemu kubwa. Tuseme inabaki asilimia 30, basi ni mara 75. Mzigo wa kilo 400 unauinua kwa nguvu ya kama kilo 5 tu. Mwanzoni niliona asilimia 70 inayopotea ni hasara tupu. Kumbe msuguano huo huo ndio unaoizuia skrubu isijizungushe kurudi chini. Ukiachia mpini, mzigo unabaki ulipo. Jeki ya oili inategemea vali na mpira wa kuzuia oili. Chembe moja ya mchanga ikiingia, inashuka. Kwa lugha yetu, skrubu ikikwama inakwama salama.

Kwa hivyo ukinunua, pima kwanza uzito wa mkono wa trela ikiwa imebeba mzigo, si trela tupu, kisha chukua jeki yenye uwezo zaidi ya huo. Iwe imefungwa kwenye mkono wenyewe, ili isipinduke. Kwenye mchanga wa Diani au Msambweni mguu wake mdogo utazama, weka ubao mpana chini. Zuia magurudumu kwa mawe kabla ya kuchomoa pini. Upepo wa bahari unakula meno ya skrubu, paka grisi mara kwa mara. Na kabla ya kuondoka inua mguu wa jeki mpaka juu kabisa, la sivyo barabara ya Lunga Lunga itaubaki nao.

Tulimnunulia ami nyingine ya skrubu. Ile chupa yangu anaitumia kubadilishia tairi, na kila mara anaweka gogo la mnazi chini ya ekseli, huku ananitazama.