Mpira wa Kulishia: wa Puani au wa Tumboni?

Mpira wa kulishia ni mrija mwembamba unaopitisha chakula, maji na dawa hadi tumboni mwa mtu asiyeweza kumeza salama. Maandishi ya kitaalamu hupendelea "mrija wa kulishia", lakini wodini, nyumbani na kwenye simu neno ni mpira. "Mtoto kawekewa mpira," anasema bibi, na waliopo wanaitikia pole bila kuuliza ni mpira upi. Kwa mtoto anayelelewa Mbwera, Kiongoroni au Msala, katika visiwa vya Delta ya Rufiji, kutouliza huko kunaweza kumponza.

Karne ya 18 huko London, daktari John Hunter alimlisha mgonjwa aliyeshindwa kumeza kwa kutumia ngozi ya samaki aitwaye mkunga, kitu ambacho mvuvi wa Nyamisati, huko huko Delta, angekitambua mara moja. Baadaye ikaja mirija ya mpira, na leo mingi ni ya plastiki laini au silikoni. Malighafi imebadilika, jina limeng'ang'ania. Tatizo ni kwamba jina hilo lina kazi nyingi. Kuna mpira wa mkojo, kuna mpira wa oksijeni, na mtoto mmoja anaweza kuwa nayo yote kwa siku moja. Kwa hiyo "mpira" peke yake si istilahi, ni mwanzo wa istilahi.

"Wa kulishia" ndiyo sehemu iliyokaa vizuri. Inataja kazi ya kifaa na haitaji ugonjwa, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa sababu magonjwa yanayowafikisha watoto hapo hayafanani. Yupo aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa akapata mtindio wa ubongo, misuli ya kumeza ikawa haishirikiani. Yupo aliyezaliwa na umio usioungana na tumbo. Yupo aliyekuwa mzima kabisa, akabugia kostiki soda ya kutengenezea sabuni iliyowekwa kwenye chupa ya soda, umio ukaungua na kuziba. Wengi wao wanabeba na mengine: degedege, kifua kisichoisha, uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki. Kumwita mtoto kama huyo "mwenye mahitaji maalumu" ni sawa, ila hakumwambii mtu afanye nini saa nane usiku. Jina la kifaa, likikamilika, linamwambia.

Kitenzi chenyewe, kulisha, kina makovu yake. Kwa Kiswahili mtu hulishwa yamini, hulishwa limbwata, hulishwa maneno asiyoyasema. Ukisikia "kalishwa", unamtafuta aliyemlisha na nia yake. Ndiyo maana mama anayeambiwa "mtoto wako atalishwa kwa mpira" anaweza kusikia kwamba mwanawe amenyang'anywa kula. Mzazi anayejibu "mwanangu anakula kwa mpira" hajakosea. Tumbo linameng'enya uji ule ule wanaokula wenzake, na daktari akiruhusu, mtoto huyo huonjeshwa kidogo kidogo ili mdomo usisahau kazi. Kulishia ibaki kuwa sifa ya kifaa. Mtoto aachiwe kula.

Sasa pale jina linapopungua. Mipira ya kulishia ni ya aina mbili kuu. Wa kwanza hupita puani, ukashuka kooni na umioni hadi tumboni. Huu hufaa kwa muda mfupi, na inapoonekana kwamba hitaji litapita wiki nne hadi sita, madaktari huanza kufikiria wa pili, unaopita moja kwa moja kwenye ukuta wa tumbo kupitia tundu la upasuaji. Upasuaji huo huitwa gastrostomia, kutoka maneno ya Kigiriki ya tumbo na mdomo. Mfaransa Charles Sédillot aliujaribu mwaka 1849 na mgonjwa wake akafariki. Mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky walionyesha njia ya kuuweka bila kupasua tumbo kwa upana, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtoto mchanga. Katika hospitali nyingi zisizo na mirija maalumu, tunduni hupachikwa katheta, ule ule mpira wa mkojo. Hapo mpira wa mkojo unageuka mpira wa kulishia, na jina linazidi kuchanganya.

Mipira hii miwili ina hatari zinazopingana. Wa puani ukichomoka, tumbo limebaki zima, na kilicho mbele ni njaa na upungufu wa maji. Hatari kubwa iko katika kuurudisha, kwani unaweza kuingia njia ya hewa, na uji ukamwagika mapafuni. Ndiyo maana hupimwa kwanza: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha kushuka hadi katikati ya ncha ya mfupa wa kidari na kitovu, pakatiwa alama. Ukishaingizwa, huvutwa majimaji kidogo kwa bomba la sindano na kudondoshwa kwenye karatasi ya kupimia asidi. Kipimo cha 5.5 au chini yake huashiria tumbo. Kupuliza hewa na kusikiliza mlio peke yake hakutoshi, kwa kuwa mlio husikika hata mpira ukiwa umepotea njia.

Wa tumboni ukichomoka, adui ni saa. Tundu lisilo na kitu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Ikiwa upasuaji ni wa karibuni, kusukuma mpira kwa nguvu kunaweza kuupeleka nje ya tumbo la chakula, na uji kumwagwa mahali pasipotakiwa. Ikiwa tundu limekomaa, wazazi wengi hufundishwa na hospitali kuingiza mpira wa akiba ili kulishikilia wazi, bila kulisha chochote, huku wakikimbilia huduma.

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, ina barabara ya lami ya kwenda Dar es Salaam, na ina visiwa vile vya Delta, ambavyo barabara yake ni mikondo kati ya mikoko. Kati ya maji kujaa na kupwa zinapita takribani saa sita. Boti iliyokaa kwenye tope haisikilizi dharura. Mpira ukitoka wakati maji yamekupwa, kinachoondoka kwanza ni simu, na mtoto hufuata maji yakijaa. Simu hiyo ikisema "mpira umetoka" tu, muuguzi wa upande wa pili hajui kama amwambie mama atulie na kuhesabu nepi zilizolowa, au aingize mpira wa akiba sasa hivi. Mtu wa Upanga jijini Dar es Salaam, jirani na Hospitali ya Muhimbili, anaweza kufika akaonyesha kwa kidole. Wa Delta anategemea neno.

Neno jingine la kurekebisha ni "kidonda". Wengi huliita hivyo lile tundu la tumboni, na kidonda kwa mila yetu hufungwa, hukaushwa, na kikifunga tunashukuru. Tundu hili likifunga, mtoto amekosa njia ya kula. Liitwe tundu, kama la pua na la sikio: huoshwa kwa maji safi na sabuni, hukaushwa, na huachwa wazi likiwa na mpira wake.

Namba nayo ni sehemu ya jina. Mipira hii hupimwa kwa kipimo cha Kifaransa, ambapo namba ikigawanywa kwa tatu hutoa kipenyo cha nje kwa milimita. Namba 8 ya puani haifiki milimita 3; namba 14 ya tumboni inakaribia 5. Hiyo ndiyo sababu uji wa mchele wa Rufiji, hata ukitwangwa vizuri, hupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kabla ya kumiminwa kwenye bomba la sindano lililotolewa kisukumio, likainuliwa juu ili uji ushuke wenyewe. Mtoto huinuliwa kichwa na kifua, na maji yaliyochemshwa yakapoa hupitishwa kabla na baada, mpira usizibe.

Pendekezo ni hili. Katika kadi ya kliniki, barua ya rufaa na simu, jina liandikwe na kutamkwa kwa ukamilifu wake: mpira wa kulishia wa puani, namba 8, au mpira wa kulishia wa tumboni, namba 14, tundu la tarehe fulani. Anayeruhusiwa kurudi nyumbani kutoka wodini apewe jina hilo pamoja na mpira wa akiba, na alirudie kwa sauti mbele ya muuguzi. Bibi, baba na jirani mwenye boti nao walijue, kwa kuwa siku mpira ukitoka huenda mmoja wao ndiye atakayeshika simu.