Kichwa Kiinamacho: Maradhi ya Watoto wa Mahenge
Katika miaka ya 1960 tabibu Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliona huko Mahenge watoto wenye kifafa, ambao baadhi yao vichwa viliwainama bila hiari. Wenyeji waliyaogopa mate ya mgonjwa, naye akatengwa hata katika chakula.

Mwaka 2018 wataalamu walieleza bongo za Waganda watano waliokufa kwa maradhi ya namna hiyo: protini iitwayo tau ilikuwa imegandamana madonge ndani ya seli, mfano wa ugonjwa alioueleza Alois Alzheimer mwaka 1906.

Je, madonge hayo ni chanzo, au ni alama iliyoachwa na kifafa chenyewe, au na minyoo ya usubi? Wataalamu hawajaafikiana. Lakini kifafa hakiambukizwi kwa mate; basi chombo kile cha kando hakikumkinga mtu yeyote, kilimdhulumu mtoto tu.