Suti Kamili na Waliokataa Kuivaa

Tangu 2013 mpiga kura wa Kenya hukabidhiwa karatasi sita kwa mpigo, kila moja na rangi yake. Wanasiasa wa ODM wakifika Migori na Homa Bay huomba zote sita zitiwe alama penye chungwa, nembo ya chama chao. Wanaiita suti, isivaliwe koti bila suruali. Karatasi nyeupe, ile ya rais, haikuhitaji kuombewa muda wote Raila Odinga alipokuwa mgombea. Zile tano nyingine ndizo zilizowatoa jasho, na ndizo zinazonifanya nikatae kauli kwamba watu wa huku huswagwa kama ng'ombe kwenda kituoni.

Zamani kaunti hizi mbili zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, makao yake Homa Bay. Wala hazikuanza zikiwa ngome ya Odinga. Jaramogi Oginga Odinga, babake Raila, alipokihama chama tawala cha KANU mwaka 1966 na kuunda chama cha upinzani, KPU, Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alikuwa upande wa pili, katibu mkuu wa KANU. Samuel Ayodo wa Kasipul Kabondo naye alibaki waziri serikalini. Nyumba ilikuwa na milango miwili.

Risasi ya Julai 5, 1969 iliufunga mmoja. Mboya aliuawa mchana katika barabara ya Nairobi, mwili wake ukarudishwa Rusinga kuzikwa. Oktoba mwaka huohuo KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akatiwa kizuizini. Watu waliokuwa wakibishana juu ya vigogo wawili walijikuta wana kilio kimoja. Kwa maoni yangu, karatasi nyeupe ya Nyanza Kusini iliandikwa mwaka ule, miaka mingi kabla ya chungwa. Vyama vingi viliporudi, 1992, ilikwenda kwa simba wa FORD-Kenya. 1997 ikapanda trekta la NDP. Na baada ya kura ya maamuzi ya 2005 ikatua kwenye chungwa. Nembo zilibadilika, dai halikubadilika: serikali hii nasi tuna sehemu yetu.

Lakini tazama hizo karatasi nyingine. Machi 2013 Migori ilimpa Raila kura zake, kisha siku hiyohiyo, mtu yuleyule kwenye kijisanduku kilekile, akamchagua Okoth Obado kuwa gavana kwa tiketi ya PDP. Useneta ukaenda kwa Wilfred Machage, Mkuria, katika kaunti yenye Waluo wengi. Suna Mashariki, penye mji wenyewe wa Migori, ilimchagua Junet Mohamed, mwenye asili ya Kisomali, na imemrudisha mara mbili tangu hapo. Wanaosema huku kura ni ya kabila na waeleze hilo.

Mwaka 2018, Seneta wa Migori Ben Oluoch Okello alipofariki, ODM ilimsimamisha Ochillo Ayacko. Kijana Eddy Oketch wa chama kidogo cha Federal alimkimbiza hadi mwisho: 85,234 kwa 60,555. Homa Bay, 2017, katika kura ya ugavana, Cyprian Awiti alimpita mgombea huru Oyugi Magwanga, na kesi ikafika Mahakama ya Juu, iliyoamua 2019 abaki kitini. Ikaja 2022: Oketch akavaa chungwa na kuwa seneta, Ayacko gavana wa Migori, na Gladys Wanga akamshinda Evans Kidero, mgombea huru, akawa gavana wa kwanza mwanamke wa Homa Bay.

Kuria, upande wa Migori wenye mashamba ya tumbaku mpakani na Tanzania, ina hesabu yake. Wabunge wake wawili wa 2022, Mathias Robi na Marwa Kitayama, ni wa chama tawala, UDA. Mkuria anayeogopa kumezwa na jirani mkubwa anafanya kilekile ambacho Mluo amefanya kwa Nairobi tangu 1969, na sioni kwa nini mmoja asifiwe na mwingine alaumiwe.

Raila alifariki Oktoba 15, 2025. Wiki sita baadaye, Novemba 27, Kasipul ilipiga kura kujaza kiti cha Ong'ondo Were, mbunge aliyeuawa kwa risasi Nairobi mwezi Aprili. Kampeni ziligharimu maisha, jambo la aibu kwetu sote. Mwana wa marehemu, Boyd Were, alishinda kwa chungwa, Philip Aroko, mgombea huru, akiwa wa pili. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na kwa mara ya kwanza tangu 2002 hakuna Odinga wa kwenda kwenye karatasi ile nyeupe kwa mazoea. Nawaomba wanaozihesabu kura za huku wakiwa Nairobi waje mapema, wakati wa mchujo wa vyama, wasikilize watu wanavyobishana.